Mashini ya umeme ya zamani, dola 220: ninunue au niache?

*Yaya (dada mkubwa), jambo.*

*Ninashonea nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, chini ya mwembe, mwaka wa 12 sasa. Mashini yangu ni ile Butterfly nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, mama aliniachia alipofariki. Hainisumbui. Naitia mafuta kila Jumatatu, mkanda ukikatika nanunua mwingine, basi. Kuran (umeme) ikienda, majirani wanatoka nje kulalamika, mimi naendelea kushona.*

*Shida yangu ni moja: matundu ya vifungo. Butterfly inajua mshono ulionyooka tu. Mwezi wa nane, wazazi wakianza kuandaa watoto kwa ajili ya masomo, napokea mashati meupe ya shule. Nashona kola, naunga mikono, halafu nayafunga kwenye kikwembe kizee na kuyapeleka kwa fundi mmoja wa barabarani mwenye mashini ya zigizaga, ile ambayo sindano inakwenda huku na huku. Kila tundu franka 200. Mwaka uliopita mashati yalikuwa 60, kila shati vifungo 7. Nilipiga hesabu nikaumwa kichwa. Na si makuta (pesa) peke yake. Kwake kuna foleni, siku nyingine nasubiri mpaka jua linazama, narudi nakuta watoto wananitazama tu, bukari (ugali) haijasongwa. Mara mbili ameniharibia nguo. Shati moja tundu lilichanika mpaka likatokea upande wa pili wa pindo. Nililipa mimi.*

*Sasa kuna familia moja ya huku mjini inauza vitu vya shangazi yao aliyerudi kutoka Ubelgiji. Kati ya hivyo vitu kuna mashini ya umeme, imeandikwa Bernina, na pembeni Record 930 electronic. Nzuri, Yaya! Iko ndani ya sanduku lake jekundu, na kijitabu cha maelezo kwa Kifaransa. Walianza na dola 250, nikawabembeleza wakashuka mpaka 220.*

*Niliijaribu kama dakika tano, kwa kipande cha bitana walichonipa wenyewe. Inashona vizuri, haina makelele. Mambo matatu ndiyo niliyoyaona. Kitasa cha zigizaga ni kigumu kugeuka, na zigizaga yenyewe inatoka nyembamba kuliko namba niliyoweka. Halafu nikishona zigizaga nasikia "tak", inanyamaza, baada ya sindano kadhaa tena "tak". La tatu ni harufu, kidogo tu, kama plastiki iliyopata moto. Mwenye kuuza alisema ni kwa sababu imekaa sandukuni muda mrefu.*

*Zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, ni mwisho wa mwezi huu, nitapokea dola 300. Baba watoto anasema niachane na vizee vya Wazungu, nichukue mashini mpya ya Kichina ya kiwandani, ile ya mezani yenye mota chini. Shemeji anasema ninunue hii Bernina na niuze Butterfly, "nani bado anakanyaga mwaka huu?" Na wauzaji wanasema kuna mama mwingine wa Kampemba atakuja Jumamosi na makuta mkononi.*

*Nifanye nini, Yaya?*

*Mshonaji wa chini ya mwembe, Katuba*

*

Mdogo wangu wa chini ya mwembe,

Nianze na huyo mama wa Kampemba. Mwache aje. Miaka yote niliyonunua vitu vilivyotumika, sijakutana na kitu ambacho hakikuwa na mama mwingine anayekuja Jumamosi. Makuta anayo siku zote, na hakuna mtu aliyewahi kumwona uso.

La pili, Butterfly haiuzwi. Shemeji anauliza nani bado anakanyaga? Anakanyaga yule ambaye mteja amemjia saa kumi na mbili jioni kuchukua gauni la ndoa ya kesho, na mtaa mzima uko gizani. Njia ya umeme ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, ilianza kazi mwaka 1982, na wakati huo hapakuwa na nyingine ndefu kama hiyo duniani. Ila ukifika Kolwezi, huo umeme unakuta migodi imeshapanga foleni mbele yako wewe na mwembe wako. Mashini ya umeme Lubumbashi inakaa pembeni ya ile ya miguu. Haichukui kiti chake.

Sasa tuje kwa Bernina. Hilo neno "electronic" ndilo linaloponza watu, kwa sababu limeandikwa juu ya mashini za koo mbili zisizofanana.

Mwaka 1975 Singer walitoa Athena 2000, wakaitangaza kuwa mashini ya kushona ya kwanza ya elektroniki duniani: unabonyeza kitufe, kichipu ndani kinaamua sindano iende kushoto au kulia. Miaka minne baadaye, 1979, Wajapani wa Janome wakaja na Memory 7, yenye kompyuta ndani kwa ajili ya mshonaji wa nyumbani. Mashini za ukoo huu, mshono wenyewe umetunzwa kwenye kadi ya elektroniki. Kadi ikifa, imekufa mashini nzima, hata kama chuma chake bado kinang'aa. Na kadi ya mashini ya miaka ile utaipata kwa kuitoa kwenye maiti ya mwenzake tu.

Ukoo wa pili ndio huu wa 930, iliyotengenezwa Uswisi kuanzia mwaka 1982. Hapa elektroniki inashughulika na mwendo wa mota. Unakanyaga pedali kidogo, sindano inatembea polepole lakini na nguvu zake zote, inapenya mikunjo ya kitenge cha wax bila wewe kusaidia kwa mkono kwenye gurudumu. Mishono haimo kwenye kadi. Ndani kuna rundo la visahani vilivyopangwa juu ya ekseli moja, kila kimoja kingo zake zimechongwa vilima na mabonde ya mshono wake, na kidole cha chuma kinapita juu ya hivyo vilima kikisukuma sindano huku na huku. Kitu hicho fundi anakiona kwa macho, anakishika kwa mkono. Kwa hiyo kwa upande huo umebahatika, umekutana na kizee cha ukoo unaotibika.

Mimi niliangukia ukoo mwingine. Nilikuwa na kibanda changu komini ya Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi), nikanunua mashini ya vitufe kwa mtu mmoja aliyeniapia kwa Mungu. Mishono 28. Nilitumia minne. Usiku mmoja wa mwezi wa pili, mvua ya radi, umeme ukaenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi, na mimi mjinga nilikuwa nimeacha plagi ukutani. Asubuhi taa yake iliwaka, vitufe vikawaka, nikakanyaga: sindano imesimama juu inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Fundi wa redio aliifungua, akapuliza vumbi jekundu la miaka, akanionyesha kidude cheusi chenye miguu mingi kama jongoo. "Mama, ugonjwa ni huu. Na huu hauna dawa hapa." Miaka mitatu ilibeba televisheni. Ndiyo maana mtu akiniambia "elektroniki, Yaya!" nauliza kwanza: elektroniki ya nini?

Turudi kwenye yale mambo matatu uliyoyaona. Umeyaona vizuri, hongera, wengine wanaangalia rangi ya sanduku.

Kitasa kigumu na zigizaga nyembamba: huo ni uzee wa grisi. Mashini imekaa, grisi ya kiwandani imeganda ikawa kama ulimbo wa kutegea ndege, na vile vyuma vya kusukuma sindano havifiki mwisho wa safari yao. Hauui. Unafungua mfuniko, unapasha joto kwa mashini ya kukaushia nywele ya saluni (si moto wa makaa!), unadondosha mafuta ya mashini tone kwa tone kwenye viungo vinavyocheza, unageuza kitasa taratibu, unaacha mpaka kesho, unarudia. Siku mbili tatu kinalegea. Usikilazimishe kwa koleo. Na usitie mafuta ya kupikia. Usicheke, nimeshaona mawese ndani ya mashini ya mtu, yamegeuka gundi, na mwenyewe ananiambia "lakini ilikuwa inalia, nikaihurumia".

Harufu: mwenye kuuza amekudanganya, au hajui. Sanduku lililofungwa muda mrefu linanuka ukungu, halinuki plastiki ya moto. Mashini nyingi za Ulaya za miaka ile zina kapasita ndogo, ndani ya pedali au karibu na mota, kazi yake ni kuzuia mashini isikoroge redio ya jirani. Kuna zile zenye ganda la plastiki ya kuonyesha ndani, rangi ya asali. Kwa uzee ganda linapata nyufa nyembamba kama za sahani ya udongo, unyevu unaingia, na siku moja inapasuka na kutoa moshi mnene wa kunuka. Kinachotisha ni kwamba inaweza kufanya hivyo hata kama hushoni, mradi plagi iko ukutani. Dawa yake ni nyepesi. Fundi wa redio yeyote mwenye kujua kulehemu anaitoa na kuweka nyingine kwa nusu saa. Mwambie aweke iliyoandikwa X2, ya volti 275 kwenda juu, asikuwekee yoyote aliyoiokota mezani. Inawezekana pia harufu ni vumbi na mafuta yaliyomwagikia mota. Ndiyo maana vitu hivyo vinafunguliwa, havibahatishwi.

Kinachoninyima usingizi ni ile "tak".

Umeandika maneno machache yenye thamani kuliko barua yote: "baada ya sindano kadhaa". Kelele ingekuja kwa kila sindano, ningekwambia sindano imepinda, au kaneti (bobini ya uzi wa chini) imekaa vibaya, au uzi umekwama chini. Kelele inayokuja kwa zamu inatoka kwenye kitu kinachozunguka polepole kuliko sindano. Na ndani ya mashini hii kitu hicho ni lile rundo la visahani. Linazungushwa na gia ya plastiki, na gia hiyo kwenye Bernina za kipindi kile inajulikana kwa ugonjwa mmoja: plastiki inasinyaa kwa miaka, ekseli ya chuma iliyo katikati yake haisinyai, plastiki inazidiwa, inapasuka. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele. Lakini pale ulipo, jino moja limekaa mbali kidogo na mwenzake, na kila zamu yao ya kuuma inapofika: tak. Leo inagonga. Baadaye inakwama, na sindano inashuka mahali isipotakiwa.

Gia mpya zipo, zinauzwa nje, na kuna watu wanaosafiri wanaoweza kukuletea. Kuipata siyo kazi kubwa. Kazi ni kuifikia: unaivua mashini mpaka mifupa, na kuirudisha kwenye majira yake, kila kisahani kikutane na sindano kwa wakati, ni kazi ya mtu aliyeifanya kabla. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kutoa hata dola moja, zunguka mjini uulize: nani hapa Lubumbashi amewahi kufungua Bernina? Sikiliza vizuri anavyojibu. "Naweza" ni jibu la kila fundi, hata wa viatu. Unatafuta anayesema "nilifungua ya masista fulani, ilikuwa na tatizo hili". Ukimpata, mashini ya zamani ni mali. Ukimkosa, hata nzima ni mkopo tu, siku ikiumwa utairudisha kwa Mungu.

Hapa niingize jambo ambalo pengine lilistahili kuja mwanzo. Nimesoma barua yako mara tatu. Hakuna mahali unaposema unahitaji mashini. Unahitaji matundu. Matundu 420, franka 84,000, kwa mashati 60. Nenda kwa mama wa kubadilisha makuta akuambie kwa kiwango cha leo ni dola ngapi, halafu ziweke pembeni ya 220. Utaona kwamba fundi wa foleni, pamoja na maudhi yake yote, hajakula nyingi kama moyo unavyokwambia.

Na kuna kidude. Fundi mmoja mzee wa Kenya alikuwa nacho, nami nilidhani ni mtego wa panya: kisanduku cha chuma kinachofungwa kwenye mashini ya mshono ulionyooka, mahali pa ule mguu wa kukandamizia kitambaa. Kina mkono unaolalia skrubu ya kushika sindano. Sindano ikipanda na kushuka, mkono unapanda na kushuka nayo, na kisanduku kimebana shati kwa meno yake kinalisukuma: kushoto, kulia, mbele kidogo, kinazunguka kona, kinarudi. Sindano haitoki mahali pake, kinachocheza ni kitambaa. Unafunika meno ya mashini kwa kibati kinachokuja nacho, unakanyaga taratibu, tundu linajiandika lenyewe, saizi unayotaka. Hakihitaji umeme. Vinatengenezwa China mpaka leo na vinaingia kwenye mashini za umbo la Butterfly yako. Mpe picha ya mashini na ya ule mguu wake yeyote unayemwamini kati ya wanaokwenda Dubai au Guangzhou, au uliza kwa wauza vipuri vya mashini. Usisahau kukijaribu juu ya kitambaa kibovu, siku ya kwanza kitakutukana.

Hicho kingetosha? Kwa mashati ya shule, ndiyo. Lakini sitakuficha kwamba Bernina nzima ingekupa zaidi. Ungefunga kingo za nguo kwa zigizaga zisichambuke. Ungeshona jezi na vitambaa vya kuvutika bila uzi kukatika. Ungechukua kazi ya kwaya, ile ya sketi 40 zenye lastiki kiunoni. Sindano zake za kawaida za nyumbani, 130/705 H, ndizo hizohizo unazoweka kwenye Butterfly, hutahangaika. Ila kikombe cha kaneti ni chake mwenyewe, na miguu yake pia, cha Butterfly hakiingii. Kwa hiyo hesabu ndani ya sanduku jekundu: kaneti ngapi, miguu mingapi, na mguu wa matundu upo? Bila huo mguu, umenunua kitu kingine kabisa.

Baba watoto nimheshimu, ana hoja, ila anajibu swali ambalo hukuuliza. Ile ya kiwandani inakimbia, inakula jeans, haichoki siku nzima, ambapo ya nyumbani kama Bernina lazima upumzishe mota. Lakini nayo ni mshono ulionyooka tu. Matundu haitobi. Utakuwa na mashini mbili zisizojua vifungo, na moja yao umeme ukienda ni meza. Ukifika siku ya kupokea mashati 60 kila mwezi badala ya Agosti peke yake, rudi kwa baba watoto umwambie alikuwa na haki.

Kama umempata fundi, na moyo bado uko kwa Bernina, rudi pale kwa jaribio la kweli. Usiende asubuhi. Nenda saa moja jioni, wakati kila nyumba imewasha, umeme umepungua na taa imekuwa nyekundu kama kaa, uone mota inavyofanya kazi katika maisha yake halisi. Beba uzi wako, sindano mpya namba 80 na namba 100, popelini nyeupe ya shati, wax mbili, na pindo la jeans kuukuu. Bitana yao waachie. Kwanza, plagi ikiwa nje, zungusha gurudumu kwa mkono mizunguko kumi: liteleze sawasawa, lisiwe na mahali pazito. Pindua utazame kibati cha chini: volti 220 au 230, hertzi 50, kama ilivyo kwetu. Ya Ubelgiji itakuwa hivyo, na plagi yake inaingia kwetu, ila tazama hata hivyo, kwa sababu zinazotoka Marekani ni za volti 120 na hizo zinataka transfoma. Halafu waombe ruhusa ufungue mfuniko wa juu. Mulika kwa tochi ya simu, mtu mwingine azungushe gurudumu polepole, wewe tazama gia ya visahani mzunguko mzima, jino kwa jino, mpaka umeridhika. Funga, washa, shona nusu saa bila aibu. Matundu saba kwenye ile popelini, kama shati zima. Wakikohoa kohoa, endelea.

Na bei. Gia ikionekana ina ufa, mimi nisingetoa zaidi ya dola 80, na hizo ni kwa sharti kwamba fundi ameshakuambia atachukua ngapi na gia itatoka wapi. Ikiwa nzima, na ile tak imegundulika kuwa kitu kingine kidogo, 150 ni bei ya watu waungwana, ukiwaambia wazi kwamba kapasita ni juu yako. Kwenye dola 300 zako ibaki ya stabilizateri, kile kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kama jirani atakupa waya wa sola yake, uliza inveta yake ni ya mawimbi safi au la. Zile za bei rahisi zinafanya mota za namna hii zingurume na kurukaruka. Kuanzia Novemba mpaka Machi, ukisikia ngurumo upande wowote wa mbingu, chomoa. Umeme ukikatika, chomoa, na ukirudi hesabu dakika kumi ndipo urudishe, maana unaporudi unarudi na hasira.

Wakikataa kufungua mfuniko, usigombane nao. Kunja popelini yako, aga vizuri, waambie wampe salamu zako mama wa Kampemba.